Mwanamke Aliyefunga Busheri Kila Mwezi

Kofi la kwanza la Maman Busheri nililoliona halikuwa kofi. Lilikuwa kongoro: mguu mzima wa ng'ombe, na kwato zake, na manyoya bado. Kijana mmoja alikuwa amepenyeza mkono dirishani ili achukue ini lililokuwa juu ya mizani, na kongoro likamkuta mdomoni. Meno mawili yakaanguka kwenye ngazi za udongo za avenyu yetu, yakateremka yenyewe, moja nyuma ya jingine, mpaka kwa muuza makaa. Bukavu ni mji wa kuteremka. Kitu kikikuponyoka kwetu Kadutu, kakitafute ziwani.

Kijana akayakimbilia meno yake. Maman Busheri akatoka nje, kongoro mkononi, akampigia kelele:

"Rudi! Rudi uchukue na ile maini! Sasa utakula supu tu, ni nani atakupatia supu?"

Na kweli alimfungia ini lote katika sashe ya plastiki, bure, akamkabidhi kwa mkono uleule. Nilicheka sana. Nilicheka mpaka nikapata kofi la kwangu.

Alikotoka sijui. Waliomuuliza hawakurudi na jibu, walirudi na uvimbe. Ninachojua ni kwamba busheri yake, duka lake la nyama, ilikuwa mbao chache na bati moja, imebanwa kati ya ukuta wa parseli yetu, kiwanja cha nyumba yetu, na mtaro wa maji machafu, na kwamba mama yangu aliweza kuongea naye bila kutoka jikoni, kwa kupaza sauti tu. Ndiyo sababu najua mambo ambayo mtoto wa shule hapaswi kuyajua. Sikuchungulia. Habari ziliruka ukuta zenyewe.

Alikuwa mrefu, mabega mapana, na mkono wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto kwa sababu ya kisu. Alipenda sambaza, dagaa wa ziwani, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe; nyama hakuigusa. "Mimi na ngombe tunajuana," alisema, "siwezi kula mutu tunajuana." Aliogopa sindano kuliko risasi. Mtoto akitoka damu puani, akilia, yeye alimfuta kwa kitambaa cha busheri kilichojaa damu nyingine, na kumwambia: "Nyamaza. Damu yenye haikutoka na kisu iko ya uongo." Mtoto alinyamaza. Mimi pia ningenyamaza.

Mume wake alikuwa katekista wa parokia, mwanaume mwembamba wa kuweza kukauka kwenye kamba pamoja na nguo. Sisi tulimwita Papa Katekista. Walipogombana, sufuria ya bugali ilitoka mlangoni kwanza, kisha bugali, kisha Papa Katekista, akiwa ameshika rozari yake na kiatu kimoja. Alikaa kwenye jiwe letu, akangoja hewa itulie, akarudi. Sikumsikia hata siku moja akirudisha tusi. Mama yangu alisema ule ni utakatifu. Baba yangu alisema ni hesabu nzuri tu.

Sasa nieleze kisu.

Chini kwenye machinjio, ambayo sisi tunaita abatwari, wanawake wapo wengi. Wanaosha matumbo, wanachoma kwato, wanabeba ngozi. Kisu ni cha wanaume. Maman Busheri peke yake ndiye aliyekuwa na kisu na nafasi yake ya kuchinjia. Mkuu wa wachinjaji, Kapita, mzee mwenye shingo nene kuliko ya fahali, alimjaribu zamani kwa kumpa dume lililokuwa limekwisha kuwarusha wanaume wawili ukutani. Wanasema Maman Busheri alimshika yule dume pua, akamnong'oneza kitu, na kumkata mara moja, kutoka sikio hadi sikio. Dume alipiga magoti kama mkristo wa Ijumaa Kuu.

Kapita akamkubali, kwa sharti moja. Wachinjaji wa pale wanasema damu mbili hazikutani. Mwanamke akiwa katika siku zake, akishika kisu, mnyama hafi vizuri: atainuka na koo wazi na kutafuta mtu wa kwenda naye. Kwa hiyo siku hizo asikanyage abatwari. Maman Busheri aliapa mbele yao wote, na kiapo chake alikishika kama alivyoshika pembe.

Matokeo yake ni kwamba avenyu nzima ilijua. Maana hakuuza nyama iliyochinjwa na mkono mwingine. "Minauza yenye niliua mimi mwenyewe." Asipochinja, busheri inafungwa. Busheri ikifungwa, watu wanatazamana na kuelewa. Mama yangu alipanga ubatizo wa mdogo wangu kwa kufuata mwili wa jirani. Wavulana wa darasa letu, ambao hawajui mwanamke anaanzia wapi, walijua kwamba wiki fulani kwao ni maharagwe. Na hakuna aliyethubutu kumtania usoni. Kwenye bomba la maji ulikuwa ukisikia tu: "Arusi tuiweke lini?" "Ngoja kwanza afungue."

Tuliishi hivyo miaka mingi, kama watu wanaoishi kwa mwezi wa mbinguni.

Kisha mwili wake ukaacha kushika kiapo.

Busheri ilifungwa mara mbili katika mwezi mmoja. Ikafunguliwa miezi miwili mfululizo, watu wakala nyama mpaka wakachoka. Ikafungwa majuma matatu, na siku aliyotoka nje uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Halafu likaja lile joto. Ninyi mnajua baridi ya kwetu, upepo unapanda kutoka ziwani na kuingia ndani ya mifupa. Wakati sisi tumevaa puloveri mbili, yeye alikuwa anapasua kitambaa chake cha kichwa, jasho linamchirizika shingoni, anainua bidoni ya maji ya lita ishirini na kujimwagia mbele ya wateja. Nyama ilikatwa vibaya siku hizo. Ukiomba mfupa mdogo, panga lilishuka kwenye gogo kwa nguvu hadi mizani ikaruka.

Mimi nikaanzisha kazi. Kila asubuhi kwenye bomba nilisimama juu ya jiwe, kikombe mdomoni kama mikrofoni:

"Mabibi na mabwana, hapa ni idara ya hali ya hewa ya avenyu. Leo joto kali linatazamiwa kutokea upande wa busheri, likifuatana na ngurumo na visu. Wenye watoto wadogo wanaombwa kuwafunga ndani. Papa Katekista anaombwa kuvaa viatu vyote viwili mapema."

Wasikilizaji wangu walikuwa wengi. Asubuhi moja niliona wananyamaza wote pamoja, na nikajua bila kugeuka. Maji ya bidoni yalinishukia kichwani, baridi ya kuua. Bidoni tupu ikafuata, mgongoni.

"Na mvua," alisema. "Ulisahau kutangaza mvua."

Tangu siku hiyo aliniita Meteo. Mama yangu alipoona mgongo wangu alienda ukutani kulalamika, akarudi anacheka, akanipiga tena kwa kumpa jirani kazi ya kunipiga.

Kanisani ilikuwa hivi. Alipenda kukaa karibu na dirisha, lakini mbao za dirisha lile zilikuwa zimevimba, halifunguki. Padri alikuwa anahubiri juu ya moto wa milele. Nilimwona Maman Busheri akianza kupepea kwa kitabu cha nyimbo, kisha kwa mkono, kisha akafungua vifungo vya shingo. Papa Katekista, aliyekuwa mbele na zamu ya kusoma, alimwangalia kwa macho ya kusihi. Maman Busheri akasimama, akafunga ngumi ndani ya kitenge, akapiga kioo. Kioo kikatoka chote. Akatoa kichwa nje, damu inatiririka kwenye vidole vyake, akavuta hewa kwa sauti kama ng'ombe kwenye mto. Bila kugeuka akasema:

"Endelea, Padri. Sasa nasikia muzuri."

Na lile godoro. Kila asubuhi Papa Katekista alitoka na godoro kichwani, limelowa, akaliegemeza juani. Watoto wa avenyu walifikiri ndiye anayekojoa. Walimtungia wimbo. Yeye alitabasamu tu, akageuza upande wa pili ukauke. Hakusema kwamba ni jasho la mke wake, kwamba mke wake halali, anaamka amelowa kama aliyetolewa ziwani. Siku Maman Busheri aliposikia ule wimbo, alimkamata mwimbaji mkuu, kijana mkubwa tu, akamlaza kifudifudi juu ya godoro bichi, akamkalia mgongoni na uzito wake wote, akaendelea kuchambua sombe juu yake mpaka fungu lote likaisha.

"Imba sasa," alikuwa anamwambia. "Mbona hauimbe? Sauti iko wapi?"

Papa Katekista alikuwa wa kupigwa na mke wake peke yake.

Halafu, kavu. Mwezi, miwili, mitatu, hakuna kitu. Akaongea na mama yangu juu ya ukuta, na mimi nilikuwa pale nachagua maharagwe kwa masikio.

"Maman, imefunga."

"Nini imefunga?"

"Ile. Kama inapitisha mwaka muzima, mimi ni muzee. Nitachinja kila siku, na Kapita atafunga mudomo. Hatanihesabia tena tumbo yangu."

Kwa maana kwetu iko hivyo: mwanamke aliyemaliza mwaka bila kuona siku zake ni mzee, anakaa na wanaume, haulizwi kitu. Alikuwa anaitamani ile siku kama mwanafunzi anavyotamani diploma.

Lakini mama yangu aliuliza swali ambalo wanawake wote wa kwetu wangeuliza.

"Na ile damu imeenda wapi?"

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Sisi tunaamini kwamba damu isiyotoka haijaisha, imepanda. Ikifika kifuani, moyo unapiga mbio. Ikifika kichwani, ni joto, ni hasira, ni kukosa usingizi. Na Maman Busheri alikuwa na vyote hivyo. Ushahidi ulikuwa kamili! Wakamwita mwanamke wa pembe. Alikuja na nyembe zake na pembe fupi za ng'ombe zilizotobolewa ncha, na nadhani nyingine zilitoka kwa ng'ombe aliowachinja mgonjwa mwenyewe. Alimkalisha uani kwetu, akamchanja mabegani, mgongoni, kisogoni, akabandika pembe na kuvuta kwa mdomo mpaka mashavu yake yakaingia ndani. Kila pembe ilipobanduliwa, bonge jeusi la damu lilianguka katika beseni letu la vyombo.

"Ona vile iko mubaya," mama yangu alisema.

"Tosha ingine, yote itoke," Maman Busheri alisema, meno yamekazwa. Aliogopa sindano, lakini yeye na wembe walikuwa marafiki.

Walimfanyia hivyo mara kadhaa. Baadaye alikuwa anashika ukuta akipanda ngazi. Walisema ni damu mbaya inaaga.

Jumamosi moja nilikuwa nimetumwa abatwari kuchukua matumbo ya sikukuu ya shangazi. Maman Busheri alikuwa amemaliza ng'ombe wake na alikuwa ananoa kisu. Dume kubwa lililotoka Walungu lilikuwa chini, miguu imefungwa, kijana mmoja ameshika kamba ya kichwa. Aliyekata alikuwa Kapita mwenyewe. Narudia, kwa sababu baadaye watu walianza kusahau: aliyekata alikuwa Kapita. Mkono wake uliteleza. Kisu kiliingia nusu.

Dume likainuka. Kamba za miguu zilikatika kama uzi wa kushonea. Lilimchoma yule kijana wa kamba katika paja, likamnyanyua, likamtupa juu ya rundo la ngozi, na kutoka getini, koo liko wazi nusu, damu inaruka mbele yake kama maji ya bomba lililopasuka. Lilipiga piki-piki, na mwenyewe akaruka mtaroni. Liliingia katika mabeseni ya nyanya ya wamama wa barabarani, na hapo nyanya na damu na kelele vikawa kitu kimoja. Mwanaume mmoja aliyevaa shati jeupe la arusi alikuwa amesimama tu, mwekundu kuanzia juu mpaka chini, anauliza watu: "Ni yangu? Ni yangu?"

Wachinjaji wote walipanda ukuta. Maman Busheri peke yake ndiye aliyekimbia nyuma ya dume. Alilikuta penye ngazi, limeshindwa kupanda, limegeuka. Walitazamana. Dume likashusha kichwa. Yeye akaingia kati ya pembe, sijui namna gani, akaingiza vidole viwili puani mwake, akasokota shingo na kumaliza kwa kisu kazi ya Kapita. Lilimwangukia mguu. Walipomtoa chini yake, kitenge chake chote kilikuwa damu, kiunoni hadi nyayo.

Kapita akafika, anahema.

"Ulikuwa mu siku zako."

"Mwenye amekata ni weye, Kapita."

"Mukono yangu haijateleza hata mara moja. Leo imeteleza juu ya nini?" Akawageukia wanaume. "Mumuite mumama moja muzee amuangalie."

"Mwenye atagusa hii kitenge," Maman Busheri akasema, "namufungua kama mbuzi. Kapita, anza weye."

Hakuna aliyesogea. Angeweza kwenda nyumbani. Damu ya dume ilikuwa imefunika kila kitu, Mungu mwenyewe angehitaji taa. Nilimwona akipiga hatua mbili za kuondoka, kisha akasimama. Uso wake ulibadilika. Mbele ya wanaume wote akapitisha mkono chini ya kitenge, akautoa, akauangalia juani, akasugua vidole. Mimi nisingeona tofauti. Lakini yeye alikuwa amelala na damu ya ng'ombe mikononi miaka yote.

"Njo hii, ni yangu," alisema. "Imekuya. Asubuhi haikukuwa."

"Saa ngapi?"

"Nitajua? Pengine wakati nilikuwa nakimbia nyuma ya ngombe yako."

Nilitaka kumtukana kwa ujinga wa ukweli ule. Kapita alivimba kama aliyepokea zawadi. Akasema nafasi yake imekwisha, kisu akiweke, asirudi mpaka mwaka mzima ukauke. Maman Busheri akampa kofi. Lile lilikuwa kofi kweli. Kapita alikaa chini bila kupanga. Lakini kofi halirudishi nafasi. Wiki iliyofuata mpwa wa Kapita alikuwa anachinjia pale, anamsumbua mnyama kwa kisu kama mtu anayekata mbao.

Na damu ile haikusimama. Majuma yalipita. Alikaa ndani, anabadilisha vitambaa, anakataa hospitali kwa sababu ya sindano. Mama yangu akataja pembe tena, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Papa Katekista akipaza sauti: "Hapana!" Sote tulishtuka, naye pia. Ulimi wa mke wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Asubuhi moja alianguka kwenye bomba, bidoni ikamwangukia.

Piki-piki haifiki kwetu, njia ni ngazi. Papa Katekista akainama, akambeba mgongoni, yule mwanaume wa kukaushwa kwenye kamba. Sisi tulifuata, mimi nikishika miguu isiburutike. Njiani Maman Busheri alikuwa anampiga ngumi za mabega.

"Nishushe! Mupumbavu! Utaniangusha mu mutaro!"

Yeye aliteremka polepole, ngazi moja moja, akisema "ndiyo, maman, ndiyo, maman." Kisha ngumi zikapungua. Kisha mkono ukaning'inia. Mke wake alipoacha kumpiga, ndipo Papa Katekista alipoanza kukimbia.

Kituo cha afya kilikuwa na muuguzi mdogo wa mwili, sauti ya upole, mikono haina upole. Walimwongezea damu. Alipozinduka na kuona sindano mkononi mwake, alimshika muuguzi ukosi wa blauzi akamvuta mpaka pua zikagusana.

"Maman," muuguzi alisema bila kutikisika, "unaua ngombe, unaogopa hii?"

"Ngombe haionake kisu ikikuya. Weye unanionyesha."

Muuguzi akacheka, akatoa vidole vyake kimoja kimoja, akaeleza. Nilisikiliza kuliko ninavyosikiliza darasani. Damu haikupanda popote, alisema. Ovari zinaelekea kuacha kazi, na kabla ya kuacha zinafanya kazi kama mlevi: mwezi mmoja hazifanyi kitu, mwezi mwingine zinafanya kwa fujo. Homoni zinapanda, zinashuka. Hapo ndipo joto linapotoka, jasho la kulowesha godoro, usingizi kupotea, moyo kupiga mbio, hasira.

"Hasira hapana," Papa Katekista alisema chini chini. "Ile nilimukuta nayo."

"Mambo ya kuvurugika siku, ni kawaida ya umri," muuguzi akaendelea. "Lakini damu ya kujaza vitambaa, ya majuma, haiko ya kuvumilia. Unakuya mapema, haungoje uanguke. Na hivi vidonda vya ku mugongo ni nini?"

Akaelezwa habari ya pembe.

"Mulikuwa munatosha damu kwa mutu mwenye hakuwa nayo."

Mama yangu akaanza kuangalia dari.

Walimpiga picha ya tumbo, wakaona uvimbe mdogo katika kizazi, si wa kutisha, wa kufuatilia. Walimpa dawa za kupunguza damu na vidonge vya chuma vya kumeza kila siku. Na muuguzi akasema jambo lililomfanya Maman Busheri ainue kichwa kwenye mto: kwamba hata wao waganga wanasema imefunga pale tu mwaka mzima unapopita bila kuona kitu. Ikija kati, unaanza upya.

"Hata nyinyi na Kapita munasikilizana," alisema, akageukia ukuta.

Basi akaanza kungoja. Alipasua kuni za avenyu nzima kwa shoka, bila kuulizwa, kwa sababu mkono ulitaka kazi. Joto lilikuja na kuondoka. Aliweka bidoni tayari mlangoni. Vidonge vya chuma alivimeza akivitukana jina kwa jina. Rangi ilimrudia. Sisi tulikula nyama ya mpwa wa Kapita, ngumu kama mkanda, na watu walipopita mbele ya busheri iliyofungwa waliuliza kwa macho: imefika wapi? Mara ya kwanza alifika miezi kadhaa, ikaja, akaanza upya. Siku hiyo alipasua na mlango wa choo. Mara ya pili miezi ilienda, ikaenda. Niliacha utangazaji. Hali ya hewa ile haikuwa ya kuchekesha tena, au mimi nilikuwa nimekua, jambo ambalo nakanusha.

Mwaka huu, kiangazi, kabla ya mitihani yangu ya mwisho, aliniita ukutani.

"Meteo. Beba beseni, tunateremuka."

"Mwaka umetimia?"

"Bado siku kidogo. Nataka bazoee kuniona."

Alikuwa amevaa kitenge kipya na amebeba kisu ndani ya gazeti. Mvi zilikuwa zimempiga mbele ya kichwa. Tulikuwa tumekaribia abatwari, tunasikia ng'ombe, aliposimama. Akaniambia ngoja. Akaomba choo katika parseli ya kando ya njia. Alikawia. Alipotoka, sikuhitaji kuuliza.

"Kidogo tu," alisema. "Lakini njo yenyewe."

"Maman, nani atajua? Mimi sijaona kitu, sijasikia kitu, mimi ni mujinga, uliza mwalimu wa hesabu."

Hakucheka. Aliangalia juu, kwenye ngazi tulizoteremka, kisha chini.

"Kesho naenda kuonana na ule mutoto wa sindano. Leo naenda kuchinja."

Wachinjaji walikuwa pale wote. Dume jekundu lilikuwa limelazwa, limefungwa, mpwa wa Kapita amesimama juu yake na kisu. Maman Busheri akaingia katikati, akafungua gazeti.

"Kapita! Niko mu siku zangu. Imeanza leo, saa hii, kwa njia. Nasema mbele ya batu, kusudi musimuite mumama wa kuniangalia."

Kapita akaja na tumbo lake mbele, mikono wazi.

"Basi rudi! Unataka kutuua?"

Alimsukuma kwa mkono mmoja, ule mnene. Kapita akaenda kinyumenyume, akateleza, akakaa katika mfereji wa damu mpaka kiunoni. Mpwa alimwangalia mjomba, akaangalia kisu cha Maman Busheri, akakumbuka ana kazi mahali pengine. Wengine wakaanza kurudi nyuma kuelekea ukutani. Alibaki mmoja, yule kijana aliyechomwa paja, anayechechemea mpaka leo. Alikuwa ameshika kamba ya kichwa. Angeiachia, ingekuwa haki yake. Nilimwona akiizungusha mara mbili kwenye ngumi yake.

"Kata, Maman," alisema. "Nimeshika."

Maman Busheri akainama, akafunika jicho la dume kwa kiganja, akakata. Mara moja. Damu ilitoka na sauti yake, ikapita chini ya Kapita, ikaendelea na njia.

Tukangoja. Wanaume wote juu ya ukuta, mimi na beseni kifuani, hata wamama wa matumbo waliacha maji yanamwagika. Mguu wa nyuma wa dume ukapiga teke moja, na wachinjaji wakapiga kelele kama watoto wa shule ya msingi. Ukatulia. Nzi wakaja, wakakaa juu ya jicho, halikupepesa.

Maman Busheri akasogea mpaka kwa Kapita, akafuta kisu begani mwake, upande huu, na upande huu.

"Leteni ingine."